Mashua Mbili za Kasenyi

Mwaka ule nilikuwa namshuku mume wangu, nami nilidhani najua sababu. Alikuwa seremala, mimi mshonaji, tunakaa Mudzipela, mtaa wa Bunia. Kabla ya mvua alikuwa ameondoka wiki mbili nzima, akaniambia anatengeneza milango ya shule huko Gety. Aliporudi, mtu wa Gety alipita kwangu kushonesha suruali. Nikamuuliza habari za milango mipya. Akanitazama tu. Milango gani?

Sikumwambia mume wangu kitu. Nilikunja neno lile, nikaliweka.

Basi mfanyabiashara mmoja wa Bunia, mnunuzi wa kahawa, akapata hamu ya kuwa na mashua ya matanga, ya kulala ndani na wageni wake ziwani. Kasenyi kulikuwa na mbili za kuuzwa. Moja ilikuwa ya mbao, ya zamani, mali ya mzungu mzee wa mashamba aliyekuwa anarudi kwao. Nyingine ilikuwa mpya, ya plastiki ngumu, ya injinia wa barabara. Mfanyabiashara hakujua hata kuogelea. Akamwita mume wangu aangalie vyombo, na mimi niangalie matanga.

Tulishuka kwa kamio, lori la mizigo, tukapita Bogoro, tukafika ziwani jua la asubuhi likiwa bado chini.

Tulianza na ile ya zamani. Ilikuwa nyembamba na nzito. Mkuku wake, ule uti wa mgongo wa chombo, ulianza mbele ukaenda mpaka nyuma bila kukatika. Ndani mulikuwa giza, vitanda viwili vya kubana, harufu ya lami na mafuta ya taa. Matanga yalikuwa ya pamba, yamechakaa kwenye pembe. Mzee mwenyewe alituonyesha mbao mbili zilizooza kabla hatujauliza. Upepo ulipoingia, mashua ililala upande kidogo ikatulia hapo, ikaenda polepole kama ng'ombe anayejua njia. Mzee aliachia usukani akawasha kiko, nayo haikugeuka.

Ile mpya ilikuwa jambo lingine. Ilikuwa pana, nyeupe, ndani mtu mrefu anasimama wima. Mulikuwa na meza, jiko la gazi, choo, madirisha pande zote, na zulia la bluu sakafuni. Matanga yake yalikuwa ya nailoni, mshono wa mashine uliokwenda kama nyayo za kuku, sikuona kosa hata moja. Mkuku wake ulikuwa mfupi, kama ubao mmoja wa chuma uliofungwa chini kwa bulonyi, zile skrubu nene za nati. Iliondoka mbio hata nikashika kofia ya mfanyabiashara isiruke. Lakini kila wimbi lilipoipiga tumboni ililia kama sefuria tupu, na injinia hakuthubutu kuuachia usukani hata kidogo.

Mfanyabiashara alikuwa anacheka kama mtu wa harusi. "Hii ndiyo mashua! Ile ingine ni sanduku ya maiti."

Mimi nilikuwa namwangalia injinia. Alicheka sana. Alitupa chai, akatupa biskuti, na kila nilipokanyaga katikati ya zulia aliniomba nikae kitini. Mtu anauza kitu kipya cha miaka miwili, kwa nini? Na mume wangu, ambaye hata kiti cha kanisa hukigonga kabla ya kukikalia, siku ile hakugonga kitu. Alisimama mlangoni, anatazama maji.

Wanaume walipotoka nje kushusha tanga, niliinua pembe ya zulia. Gundi yake ilikuwa bado mpya. Chini yake sakafu ilikuwa na kifuniko, nikakifungua. Mulikuwa na maji, kiasi cha bakuli. Kuzunguka zile bulonyi za mkuku plastiki ilikuwa imepasuka, nyufa zimejazwa dawa nyeupe. Juu ya nyufa walikuwa wamekaza kipande cha mti mgumu, kimechongwa vizuri sana, na pembeni mwake kulikuwa na alama ya kalamu: msalaba mdogo na mistari miwili.

Mlango wa nyumba yetu una alama ile. Kitanda chetu kina alama ile.

Nilirudisha zulia. Nikatoka nje, nikasaidia kukunja tanga.

Nilingoja mpaka Bogoro, kamio iliposimama kupakia mihogo na mfanyabiashara akashuka kujinyoosha. Nikamwambia mume wangu, "Gety hakukuwa milango."

Akatazama mihogo inayopakiwa.

"Nilizani iko mwanamuke," nikasema. "Kumbe iko mashua."

"Uliona?"

"Niliona alama yako."

Akafuta uso kwa mkono. "Ule injinia aligonga jiwe, mukuku ikatikisika. Akanipatia kazi, akaniambia nisiseme na mutu, hata weye. Mi nilijua anatengenesha juu ya kutembea nayo mwenyewe. Sikujua ataiuzisha."

"Leo ulijua. Na ukanyamaza."

"Nilikula neno, mama. Nilimuapia."

"Na huyu mufanyabiashara akizama na wageni wake, kiapo itamutosha?"

Mimi nami nilishangaa moyo wangu: nilikuwa nimefurahi kwamba si mwanamke, na papo hapo niliumia zaidi. Mwanamke ningejua pa kumweka. Huyu mtu wa kimya sikumjua.

Asubuhi yake alivaa shati la Jumapili, akaenda kwa mfanyabiashara, akasema yote. Mfanyabiashara alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamfungulia mlango. Alinunua ile ya zamani. Mbao zilizooza alimpa seremala mwingine abadilishe, na tangu siku ile hakumwita tena mume wangu, hata kwa kiti. Injinia alihamishwa kazi. Mashua yake ilibaki Kasenyi imefunikwa turubai.

Mwezi mmoja baadaye mfanyabiashara alituma ujumbe kwamba matanga ya pamba yamechakaa kabisa, na mapya anataka niyashone mimi. Kitambaa kilikuwa dukani kwake, marobota mawili. Sikumwomba mume wangu kitu. Alikwenda mwenyewe, akaingia duka lile mbele ya watu wote, akarudi na robota kichwani, akaliweka karibu na mashine yangu. Kisha akatoka kwenda kuleta la pili.