Kibati cha Kuyeyuka

Walimwita Vidole, maana akishika kichwa cha mtu, rasta zilitoka upesi kama zimesukwa na watu wawili. Lakini tangu alipoteleza kwenye sakafu ya saluni yenye maji, akajigonga ukingo wa sinki na kuvunjika mfupa wa chini ya jicho, alikuwa nyumbani.

Daktari alimwekea kibati chembamba cha kuushikilia mfupa, akamweleza kwamba mfupa ukishaunga, kibati kitayeyuka chenyewe polepole. "Usiinue vizito, na kamasi usipenge," alimwonya. Siku za mwanzo kila kitu alikiona viwili. Hata mwanawe wa kunyonya alimwona pacha, akacheka huku shavu likimuuma.

Habari ya kibati alimwambia mtu mmoja tu: shoga yake, msusi wa kiti cha jirani. Huyo ndiye aliyempikia uji na kumfulia nepi za mtoto. Angemfichaje?

Jicho lilipotulia na daktari kumruhusu, akarudi kazini. Akamkuta mteja wake wa siku zote, mshonaji nguo, ameshakaa kwenye kiti cha shoga.

"Dada, nimerudi. Hamia kwangu basi."

Mshonaji akajishika kichwa. "Pole, mdogo wangu. Ila nasikia hicho kidude kikiyeyuka, jicho linaporomoka. Lisije likanidondokea utosini!"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Vidole naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nguo zenyewe alikuwa amezifua.

"Shoga, umewaambia nini watu?"

"Jamani, si utani tu! Wakiniuliza uko wapi, ninyamaze?" Shoga hakuinua macho, alizidi kusuka. "Mimi nakulindia wateja, hujui?"

"Haya. Ukimaliza huyo, njoo ukae hapa nikusuke. Wote waone."

Shoga akakaza kitambaa chake cha kichwa.

"Leo hapana, mpenzi. Tungoje kwanza jicho likae sawa."

Utani Vidole angeumeza. Hilo halikumezeka. Alikusanya vitana vyake, akakikokota kiti hadi karibu na mlango.

"Mama, nitafanyia kazi huku," alimwambia mwenye saluni.

Akasimama nyuma ya kiti kitupu, akitazama barabarani, akiomba apite mtu asiyemjua, mwenye nywele za kusukwa.