Godauni la Kando ya Reli

Nilipoolewa sikupelekwa kihambani, kwenye shamba la migomba la wakwe zangu kule Mwika, kama walivyopelekwa dada zangu kwa wakwe zao. Mimi nilipelekwa godauni. Mume wangu alikuwa mshika funguo wa godauni la kahawa karibu na stesheni ya Moshi, na tajiri wake alikuwa amempa chumba mwishoni mwa jengo hilo, chenye dirisha dogo lililotazama reli. Hapo ndipo nilipoanza maisha ya mke.

Jengo lilikuwa limetuzidi umri. Wajerumani walilijenga kwa mawe meusi ya mlimani, reli ilipofika Moshi, wakaweka ndani mpira na katani. Vita vya kwanza vilipowaondoa, likabaki tupu, popo wakahamia. Baadaye Mhindi mmoja, ndiye huyo tajiri wa mume wangu, alilikodi akajaza chumvi. Chumvi ile iliingia kwenye sakafu, na kila masika kona ya mashariki ilitoka jasho kama paji la uso la mtu. Kahawa ya wenyeji ilipoanza kushuka kwa wingi, Mhindi akaacha chumvi, akawa anahifadhi kahawa. Hayo yote nilisimuliwa na mume wangu katika wiki zetu za kwanza, tukizunguka naye kati ya magunia. Alikuwa msimuliaji mzuri siku zile.

Kiswahili changu kilikuwa cha shuleni kwa wamisionari, cha kusoma Biblia. Wanawake wa mjini walikiongea haraka, wakicheka, nami nilijibu neno moja nikatazama chini. Msimu wa kahawa nilipona kidogo. Watu walishuka na punda na mizigo ya kichwani, na miongoni mwao niliweza kusikia mtu akisema Kichagga cha kwetu. Nilikuwa nasogea karibu nisikilize tu, hata kama ni wawili wanabishana juu ya punda. Msimu ulipokwisha, walibaki njiwa darini na mume wangu.

Kisha vikaja vita vya pili, mume wangu akachukuliwa jeshini kuwa dereva. Alipelekwa mbali, hadi Burma. Mama mkwe alinitumia ujumbe nipande mlimani nikakae naye. Nikapanda. Lakini sikuwa nimempa mjukuu, na kila jioni kwenye sufuria ya mtori, supu ya ndizi wanayopikiwa waliojifungua, nililiona hilo swali likiniangalia, ingawa hakuna aliyelitamka. Nilirudi mjini. Mhindi alikuwa na shida ya mtu wa kumwamini, akanikabidhi funguo za mume wangu.

Serikali ilichukua nusu ya godauni kuweka mablanketi ya askari. Harufu ya kahawa ikafukuzwa na harufu ya dawa ya nondo. Nilifungua asubuhi, nikafagia, nikafunga jioni. Kuna siku nilikuwa sijafungua kinywa hadi jua la utosi, nikakohoa ili nijue sauti yangu bado ipo.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kiislamu, mjane, aliyekaanga vitumbua nyuma ya stesheni. Alikuja siku moja kuomba magunia mabovu ya kukalia.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unasalimia kama unaomba radhi?"

Nikampa magunia, naye akaketi. Tangu hapo alikuja karibu kila alasiri, vitumbua vilipokwisha. Kwake nilijifunza Kiswahili cha kutaniana, cha kununulia samaki, cha kumfukuzia mlevi mlangoni. Alipoondoka kwenda kuswali magharibi, nilibaki nikirudia maneno yake peke yangu kati ya mablanketi.

Vita vilipokwisha, mume wangu alirudi mchana mmoja, kwa treni ya abiria. Nilikuwa kwenye jukwaa la kupakulia, mbele ya godauni, nikipokea mzigo. Nilimwona mtu mwembamba mwenye koti la jeshi amesimama kando ya reli, na nilimfahamu kwa jinsi alivyosimama.

"Umerudi," nikamwambia kwa Kiswahili. Sijui kwa nini sikusema kwa lugha yetu.

"Nimerudi."

Nilifungua mkufu wa funguo kiunoni, nikamnyooshea. Akaurudisha mkono wangu kifuani pangu.

"Kaa nazo," akasema.

Hakuweza kulala ndani. Kishindo cha gunia kikianguka kilimnyanyua kitini. Alitandika blanketi jukwaani nje, mgongo ukutani, nami nilimpelekea chakula huko. Nilimwuliza habari za Burma mara moja tu. Akaniambia, "Kulikuwa na mvua." Yule aliyenizungusha kati ya magunia akinisimulia habari za chumvi hakurudi naye.

Baada ya muda alipata kazi ya reli Kahe, kule tambarare njia za treni zinakogawanyika, kazi ya kuvuta vyuma vya kugeuzia treni njia. Mwanzoni alikuja kila Jumapili, kisha mwisho wa mwezi, kisha nikaacha kumtarajia. Nilipanda treni nikamfuata. Nilimkuta nje ya kibanda chake akipika wali, akiimba kwa sauti ndogo. Alinyamaza aliponiona.

Tulikula. Pande zote kulikuwa na nyasi na mbingu, na maji ya mifereji yakipita mashambani.

"Bwana, nihamie huku?" nikauliza.

Aliosha mikono polepole. "Huku sisikii kitu," akasema. "Ukihamia, nitaanza kusikia. Si wewe, mke wangu. Ni mtu yeyote."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ningejua la kufanya. Alinisindikiza stesheni, akanishika mkono kunipandisha behewani, na treni ilipoondoka akaenda kugeuza njia. Nililia hadi mama mmoja aliyebeba kuku akanipa kanga yake nijifute.

Miaka ya mwisho godauni lilikufa taratibu. Yalijengwa maghala mapya makubwa yenye mashine, na kahawa ikapita mbele yetu bila kusimama. Mhindi alizeeka, wanawe hawakulitaka. Siku niliyokabidhi funguo, alizipokea akasema ahsante, kisha tukakaa jukwaani hadi gari lake lilipokuja kumchukua. Nilipanga chumba mtaa wa Mawenzi, hapo hapo mjini, mlango wa pili kutoka kwa yule mama wa vitumbua, nikawa namsaidia kukaanga mpaka alipofariki.

Mume wangu hakunipa talaka, wala mimi sikuidai. Kila mavuno ya mpunga kondakta wa treni aliniletea mfuko wa mchele kutoka Kahe, umeshonwa mdomo kwa mishono midogo, safi, ya mtu mwenye muda mwingi. Niliufumua taratibu. Mchele ulikuwa mzuri, nami niliupika kidogo kidogo, wa kunitosha mwenyewe.