Mpatanishi wa Ngao akuta mahindi ya mamake njiani

Saa moja asubuhi, kijijini Idsowe. Maurine Buya anatangulia, viatu mkononi, matope hadi kwenye vifundo. Nyuma yake wanafuata wafugaji na wakulima, kila upande kivyake, hakuna anayemsemesha mwenzake. Wanaifuata malka, njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji mtoni Tana. Wafugaji wanadai imezibwa.

Maurine, mpatanishi wa migogoro kutoka Ngao, hasikilizi kesi kabla ya kuikanyaga ardhi yenyewe pamoja na wahusika.

"Kwenye kikao kila mtu ana lake," anasema. "Njiani wote tunaona kitu kimoja."

Mara anasimama. Salaale! Mahindi mabichi, yamebeba, yameifunga njia yote.

"Hii si malka tena, hii ni shamba!" anafoka Mzee Farah, mfugaji. "Ng'ombe yetu ipite wapi? Iruke?"

"Nani amelima hapa?" Maurine anauliza.

Kisha mwanamke anachomoza katikati ya mahindi, jembe begani.

"Ni mimi, Maurine. Mafuriko yalibeba shamba langu lote. Ulitaka nile nini?"

Ni Priscilla, mama yake mzazi.

"Nilikufa ganzi," Maurine anasimulia, mkono kifuani. "Mama! Aliniambia jirani kamwazima kipande. Jumapili tumekula pamoja, hata hakunidokezea!"

Na hatari anaijua. Msimu uliopita, katika kijiji kingine, ng'ombe walipitishwa shambani kwa nguvu, watu wakakatana mapanga. Wafugaji wakimwona anamkingia mamake kifua, yatakuwa yale yale.

Maurine alikuwa muuza samaki sokoni Garsen kabla ya kusomea upatanishi Mombasa kwa miaka miwili. Kila likizo alirudi kukaa na wazee wa amani.

"Mwaka wa kwanza nilikatazwa kusema vikaoni," anacheka kidogo. "Nikifungua mdomo, mwalimu wangu ananifinya."

Lakini sheria moja yeye na wanafunzi wenzake waliikariri mpaka ikawakaa kichwani: ndugu yako akiwa ndani ya kesi, sema mbele ya wote, kisha jitoe.

"Jamani, huyu ndiye mama aliyenizaa," akatangaza palepale. "Kesi hii siiwezi. Mwenzangu Kadra ataendelea."

Mama yake akaachia jembe likaanguka. "Yaani unanikana mbele za watu, Maurine? Mimi?"

Maurine akaenda kukaa mbali, akalia.

Kadra, mpatanishi mwenzake kutoka Waorma, jamii ya wafugaji, aliwakalisha hadi adhuhuri. Wakaafikiana: Priscilla avune kwanza, ng'ombe wapitie malka ya upande wa Ngao kwa sasa, kisha njia ifunguliwe na isilimwe tena. Wakulima wenzake watamgawia mahali pengine pa kulima.

"Binti angetetea mamake, ng'ombe ingepita shambani jioni hiyo hiyo," anasema Mzee Farah. "Na damu ingemwagika."

Wengi wanamsifu Maurine. Yeye hana raha. Tangu siku ile mama yake hapokei simu. Alipompelekea unga, aliukuta umerudishwa mlangoni kwake.

Ana mpango wa kufundisha vijana wa Ozi na Garsen kazi hii. Ila kwanza amemwomba Kadra awakalishe yeye na mama yake, Jumamosi hii, kama kesi nyingine yoyote.

"Nitaketi upande wa mshtakiwa," anasema, akifuta macho kwa leso. "Natumaini tu mama atakuja."