Barua ya Tano

Juzi nilishuka Dongobesh kubadilisha gari, nikakuta duka tulilopokelea barua limekuwa la vocha na chaja za simu. Nikasimama pale kama mjinga, rafiki yangu, baridi ile ile ikiniuma masikio.

Mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mpya, barua zetu zote zilifikia kwa mama wa duka hilo, aliyekaanga maandazi mlangoni mpaka nguo za wateja zikanuka mafuta. Kila siku ya mnada, Mwalimu mstaafu alikuja kuulizia yake. Alikusanya barua za waandishi wakubwa wa riwaya, zilizoandikwa kwa mkono tu. Ya kupigwa taipu hakuitaka. Alikuwa nazo nne kwenye mkebe wa biskuti. Ilibaki ya mwandishi mmoja mzee, aliyempenda kuliko wote. Miaka mitatu alimwandikia.

"Bado, Mwalimu," mama wa duka alimwambia. "Labda huyo mzee anakuogopa."

Mimi wakati huo ndio kwanza nilikuwa nimeacha shule, darasa la sita. Mwalimu alinifundisha kuandika, na mbele ya darasa aliniita mwandiko wa malaika, kichwa cha boga. Sikusahau. Nikaiandika mimi hiyo barua aliyoisubiri, nikalaza herufi upande, nikampa mama wa duka, nikasema imeletwa na abiria kutoka Arusha.

Aliifungua palepale, akawasomea watu kwa sauti: "Shikamoo Mwalimu..."

Akaishusha karatasi. Mzee wa miaka themanini, kama Mwalimu mwenyewe alivyotusimulia, amwamkie mtu wa sitini! Kwetu mtoto haandiki kwa mwalimu bila shikamoo. Mkono wangu uliiweka wenyewe.

"Itikia basi, Mwalimu! Marahaba, mjukuu!" Mama wa duka alicheka mpaka akakaa chini.

Tangu siku hiyo hata wazee waliomzidi umri walimpa shikamoo, wamwone anavyomeza mate.

Mvua zilipokwisha ikaja bahasha nyingine. Stempu, muhuri wa posta, mwandiko unaoyumba wa mtu mzee, si wangu. Mwalimu hakuitazama. Alinitazama mimi, aliyenifundisha kuandika.

"Safari hii umenunua mpaka stempu," akasema, akaisukuma motoni, chini ya karai la maandazi.

Siku hizi hakuna anayeandika kwa mkono, na yule mzee alishafariki. Mimi nimevuna maharage Nangwa, nimechunga ng'ombe wa watu, nimesoma kila karatasi niliyookota njiani. Ile ya pili sikuisoma. Nilikuwa karibu na moto kuliko Mwalimu, na bahasha ilichelewa kuwaka; mkono wangu ungeifikia, sikuunyosha.