Tangi la Mashua ya Tengeru

Mashua ile ilikuwa imekalishwa juu ya magogo katika uwanja wa shamba la mzungu mmoja karibu na Tengeru, zaidi ya maili mia mbili kutoka baharini, migomba imeizunguka pande zote. Mwenyewe aliileta kwa treni kutoka Tanga ili aitengeneze polepole, kwa kuwa alitaka kurudi kwao kwa tanga. Wameru waliopita njiani walisimama, wakaitazama, wakatikisa vichwa na kushika safari zao. Mzungu akishaamua jambo lake, nani wa kumuuliza?

Naftali hakuja kushangaa. Alitumwa na Gurmeet Singh, kalasinga mwenye gereji ya malori mjini Arusha, aje amwage dizeli iliyoharibika, asafishe tangi na kulitoa, ili lipya liingie. Alikuwa na miaka kumi na saba chini ya malori ya watu, na amechoka. Shamba lake mwenyewe lilikuwa Engare Nanyuki, nalo lilichukuliwa na serikali mwaka ule watu walipohamishwa huko kupisha walowezi. Tangu siku hiyo alilala kwenye chumba cha kupanga Kaloleni mjini, na mkewe Tabea akakaa Nkoaranga, kwenye nyumba iliyojengwa katika kihamba, shamba la ukoo, cha kaka yake Naftali, kama wageni wasioambiwa wataondoka lini.

Kaka huyo, Mikaeli, alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache. Mwanzoni mwa mwaka alimwita Naftali akamwambia, "Kipande kile chini ya mfereji ni chako, ukinionyesha kwamba wewe bado ni mkulima. Msimu huu kahawa yote ya nyumba hii utaimenya wewe, utaiosha wewe. Mimi sitatia mkono. Ikipokelewa vizuri pale kwenye chama cha ushirika, gereji iache urudi nyumbani. Isipopokelewa, tusilirudie tena neno hili."

Maneno hayo Naftali alitembea nayo kila mahali. Hata alipopanda mashua na kujipenyeza chini ya sakafu yake, mahali pasipotosha mtu kupiga magoti, alikuwa anawaza mfereji.

Kwanza alifunga koki ya kwenda kwenye injini. Kisha akatia mpira wa bomba la mkono kwenye tundu la kujazia, akaanza kuvuta. Pipa la kwanza lilijaa dizeli safi. La pili likaja na maji, na mwisho bomba likawa linakohoa matope meusi yanayovutika kama makamasi. Akafungua mfuniko wa juu, boliti kumi na mbili, akazamisha mkono mpaka begani, akakomba masalia kwa kopo na kupangusa kwa matambara. Mbao zote mle ndani zilikuwa zimelowa dizeli ya miaka.

Gurmeet alikuja adhuhuri kukagua kazi. Alishuka ngazi mbili tu, akarudi juu mbio, kitambaa puani, macho yanatoka machozi.

"Naftali! Toka nje bwana, pata hewa kidogo. Utakufa humo."

"Nimezoea, Fundi."

"Harufu hii hakuna mtu anazoea!"

Naftali alicheka peke yake mle gizani, na kusema kweli alijisikia mwanaume. Kalasinga mzima, gereji yake mwenyewe, amekimbia. Yeye yumo tangu asubuhi na hata kichwa hakimuumi. Laiti angejiuliza swali moja tu hapo, haya mengine yasingetokea. Hakujiuliza.

Jioni walikata mikanda miwili ya chuma iliyoshika kutu, wakang'oa ngazi kupata nafasi, wakalivuta tangi nje kwa kamba. Lilikuwa zima, bati nene, linaingia madebe ishirini. Mzungu aliligonga kwa kiatu akasema likatupwe. Naftali akaliomba.

"La nini?" Gurmeet aliuliza.

"La kuvundikia kahawa iliyomenywa, kabla haijaoshwa. Hori la kaka la mbao limeoza."

Gurmeet aliinama akalinusa. "Weka maji ya ng'ombe, labda. Kahawa hapana."

"Nitalisafisha mpaka ukatae wewe mwenyewe kwamba ni lile."

Na alilisafisha, mtu asije akamsingizia uvivu. Alilijaza maji kwanza, maana tangi la mafuta tupu likipigwa patasi linaweza kumlipukia mtu usoni, ndipo akalikata sehemu yote ya juu. Akalisugua kwa mchanga. Akachemsha maji ya magadi, akamimina, akaacha, akamwaga, akarudia. Akamaliza na majivu, kama alivyomwona mama yake akisafisha vibuyu vya maziwa. Siku tatu nzima za likizo yake ziliishia hapo. Kisha akaingiza kichwa ndani, akavuta pumzi kwa nguvu zote.

Hapakuwa na kitu. Safi kabisa. Moyo wake ulijaa furaha hata akapiga mluzi.

Tabea alikuwa ndani, amejifungua mtoto wa pili wiki tatu tu zilizopita. Kwa desturi ya kwao mzazi hatoki: hulishwa, hutunzwa, na miezi mitatu hasogei mbali na kitanda, sembuse kwenda mferejini kuosha kahawa. Miaka mingine yote yeye ndiye aliyeiosha. Safari hii alikuwa na dirisha tu.

"Baba Ruth," aliita siku kahawa ya kwanza ilipovundikwa, "mbona nasikia dizeli?"

"Ni nguo zangu, mama. Umesahau umeolewa na gereji?"

Tabea akacheka, akaamini. Alikuwa na haki ya kuamini, kwani mumewe alinuka dizeli tangu siku ya posa. Mikaeli naye alipita kwenye vichanja kahawa ikikauka, akainama, akakunja uso, akamwambia mdogo wake, "Ukirudi nyumbani, jambo la kwanza tutakuchomea hayo manguo." Wakacheka wote wawili. Lilikuwa neno zuri kuliko yote aliyowahi kuambiwa na kaka yake, *ukirudi nyumbani*, na Naftali alilala nalo.

Walipeleka magunia tisa chamani, Mikaeli mbele, Naftali nyuma akisukuma toroli. Karani, Eliamini, alichota punje kiganjani, akazisugua, akanusa. Akafungua gunia la pili, la tatu.

"Naftali, hebu toka nje kabisa na hizo nguo zako, simama kule barabarani," alisema.

Naftali akatoka. Aliwaona wawili wale wakiinama juu ya magunia yake, wakinyanyuka, wakiinama tena. Kisha Mikaeli akamwita kwa mkono.

"Shikilia hizi," Mikaeli alisema, akamtilia punje viganjani. "Nusa. Sema unasikia nini."

Naftali alinusa. Alinusa tena, amefumba macho. Alitafuta dizeli, hakuipata. Ndipo akatafuta kahawa, nayo hakuipata. Akanusa mkono wake mwenyewe, kitambaa cha gunia, tumbaku iliyokuwa mezani kwa karani. Vyote havikunuka.

"Sisikii kitu, kaka."

"Magunia tisa yananuka kama lori, na wewe husikii kitu."

"Haki ya Mungu, sisikii."

Mikaeli alimtazama kwa huzuni zaidi ya hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Naftali. "Ungesema umekosea," alisema taratibu, "ningekusamehe. Ila kunidanganya hapa, mbele ya karani!" Akageuka, akaenda zake bila kushika toroli. Habari ya kipande cha chini ya mfereji haikutajwa tena katika nyumba ile. Naftali hakujaribu kueleza. Angemweleza nani kwamba pua imemfia, na hajui hata siku ilipokufa?

Mvua za vuli zikanyesha, na baada ya siku chache mibuni yote ya Nkoaranga ikafunguka maua meupe. Jumapili ile Tabea alitoka nje mara ya kwanza tangu ajifungue, mtoto kifuani, akasimama mlangoni na kufumba macho.

"Nilikuwa nimesahau," alisema. "Baba Ruth, unaisikia harufu ya maua?"

Naftali alimpokea mtoto. Aliweka pua yake juu ya utosi wake, akavuta pumzi, akavuta tena, muda mrefu. Mtoto alikuwa na joto, basi.

"Naisikia," alisema.

Akamrudisha kwa mama yake, akachukua mfuko wake wa spana, akashuka kwenda Arusha, maana kesho yake kulikuwa na lori la kufunguliwa.