Mume Wangu Aliyefichwa Chaani

Mume wangu ni Mmalawi, fundi wa mashine za kuinua makontena, na miaka yote aliyokaa mtaani kwetu Chaani, karibu na bandari, alikaa kwa kibali cha kazi. Kibali hicho huombwa na mwajiri. Mwajiri akinuna, mumeo hana pa kukaa. Ndiyo maana ndoa yetu ilipofikisha miaka mitatu, ambayo ndiyo sheria inataka, tulikimbia kuomba ukaazi wa kudumu kupitia kwangu, mkewe Mkenya. Nilidhani tumemaliza, kumbe ndipo kwanza tulikuwa tunaanza kuzungushwa.

Watu wa uhamiaji walitaka vyeti, tukapeleka. Walitaka picha za harusi, tukapeleka. Ile ya mama yangu akilia kanisani ilikaguliwa kama noti bandia. Kisha tukaambiwa atakuja mkaguzi nyumbani, siku yoyote, ahakikishe tunaishi pamoja. Nikasema na aje. Tunakaa nyumba ya vyumba sita na ukumbi mmoja katikati. Ukigombana na mumeo kwa minong'ono, asubuhi unaulizwa kama mmepatana.

Lakini hatukumwambia mtu. Mama yangu alituonya: jambo halitangazwi kabla halijaiva, watu wana kijicho. Tukafunga midomo, hata kwa mama mwenye nyumba, ajuza wa Kiislamu anayempenda mume wangu kuliko anavyonipenda mimi, wala sisemi kwa utani. Akipika samaki wa kupaka, kichwa ni cha mume wangu.

Mkaguzi alikuja mchana, mimi niko sokoni kwenye cherehani, mume yuko kazini. Alikuwa na faili kwapani. Akamuuliza mama mwenye nyumba kama hapo anaishi Mmalawi, mume wa mshona nguo.

"Mmalawi hapa hayuko, wala hatumjui," akajibiwa. "Mshona nguo yuwaishi peke yake, wallahi."

Majirani wawili waliokuwa wakichambua mchicha ukumbini wakaitikia kwamba ndivyo.

Nami siwezi kusema walikosea, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Chaani mtu hafiki na faili kukuletea heri. Amekuja kukata umeme, au kubomoa kibanda, au kumchukua mtu. Jibu lake tunalijua tangu utotoni: hayuko, hatumjui.

Jioni mama mwenye nyumba alinipokea mlangoni, uso umemng'aa. "Mwanangu, leo nimekuokolea mume," akasema, akanisimulia yote.

Nilikasirika. Nikamwambia, "Mama, huyo ndiye tuliyekuwa tukimngoja."

Akaketi kizingitini. Kisha akauliza polepole, "Sasa mbona hamkunambia?"

Ningemwambia nini, kwamba tuliliogopa jicho lake? Wahenga husema wema hauozi. Huo wa siku ile ulioza kabla ya magharibi.

Kesho yake alivaa buibui lake la kuendea harusini, tukaenda ofisi ya uhamiaji pamoja. Ofisa akamsikiliza, akamkumbusha kwamba mara ya kwanza aliapa.

"Niliapa, na Mola wangu nitamjibu mwenyewe," mama akasema. "Wewe niandikie kwamba kijana yule alala pale kwangu kila siku."

Ofisa hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali, ningepata wa kugombana naye. Alisema kwa upole kwamba ripoti haifutwi kwa maneno. Mkaguzi atarudi, na siku haijulikani.

Basi tukangoja. Niliacha kwenda sokoni, nikaihamishia cherehani ukumbini. Kila niliyemweleza aliniambia subira yavuta heri, nami nikawa nageuza uso nisije nikamtukana. Mwajiri akasema kibali kikiisha hatakiomba tena. Tukaomba ruhusa ya muda, mume angoje hapa nchini. Nayo ikakwamishwa na ripoti ile ile. Kibali kikaisha. Mume wangu alipanda basi la kwenda Dar es Salaam, kutoka huko aunganishe hadi kwao, kwa sababu hakutaka kukutwa akiishi bila karatasi na kuharibu kila kitu. Mama mwenye nyumba alimfungia mahamri, na sikumwona akilia, ila siku hiyo hakupika.

Wiki iliyofuata mkaguzi alirudi. Safari hii alipewa kiti na maji baridi. Mama akamwonyesha viatu vya mume wangu mlangoni, na mashati yake niliyokuwa nimeyafua, yananing'inia kwenye kamba. Majirani wakatoka vyumbani bila kuitwa, wakashuhudia: anaishi hapa, ni mtu wetu, tunamjua tangu alipohamia. Mkaguzi akatikisa kichwa kuonyesha amewaelewa. Nadhani aliwaamini. Kisha akafungua faili, akanigeukia mimi mke.

"Na sasa hivi mumeo yuko wapi?"

Ukumbi mzima ukaniangalia.

"Hayuko," nikasema.

Akaandika.