Igizo Lisilo na Toba

Mwanafunzi wangu wa zamani aliandika igizo kuhusu kijana wa mitaa ya Mwanjelwa anayeanza kwa kuvuta gundi na kuishia kuuawa na watu wenye hasira. Hakuna anayemwokoa. Alitaka kulipeleka kwenye kongamano la vijana Iringa, lakini kwanza mzee wa kanisa, msimamizi wa vijana wetu hapa Mbeya, alipaswa kuliona na kutoa ruhusa.

Niwaeleze jambo moja. Maigizo ya kwenye kumbi zetu humalizika kwa toba: mhusika anapiga magoti, kwaya inaimba, tunakwenda kunywa chai. Siku tulipomwonyesha mzee, hili liliishia kijana akiwa amelala chini, basi. Ukumbi wetu hauna pazia, na mwandishi alikuwa amemwagiza mwigizaji asiinuke mpaka watu watoke. Watu hawakutoka. Walianza kujadili, mwigizaji akabaki pale pale jukwaani.

"Dada, umetuua!" mtazamaji mmoja alimpazia mwandishi sauti.

Mwenzake akamjibu, "Aliyekufa yule pale. Wewe umekaa na soda yako."

Mzee akasimama. "Binti yangu, umeandika vizuri. Ila fundisho liko wapi? Ongeza toba, mwende Iringa."

Nilimtazama mwandishi. Nilijua angekubali, aliitamani mno safari ile. Akafungua mdomo.

Hapo mama mmoja wa kwaya akainuka safu ya nyuma. "Jamani, mnabishana mwenzetu amelala wazi hivyo?" Akafungua kitenge chake cha juu, akapanda jukwaani, akamfunika kijana kuanzia miguuni mpaka kichwani, taratibu, kama tunavyofanya msibani.

Nimefundisha fasihi miaka mingi, nimesikia hoja za kila aina. Sikuwa nimewahi kuona ukumbi mzima ukisimama bila kuambiwa, kama siku ile. Mzee akainamisha kichwa. Kitenge kilikuwa kikitikisika kidogo; aliyekuwa chini yake alikuwa analia. Anayeanza kuandika asiuogope ukimya wa namna ile.

Kisha mzee akasema kwa sauti ndogo, "Nendeni. Mwisho msiuguse."

Mwigizaji alipoinuka, alikikunja kitenge ili amrudishie mwenyewe.

"Baki nacho, mwanangu," mama alisema, akimfuta machozi kwa ncha yake. "Mtakihitaji. Na Iringa kuna baridi."